Kipi Kilitangulia Pale Kwa Mzungu

Taarifa kwamba Mama Kabula amefariki ilinikuta nikichambua mchele, na jambo la kwanza nililofanya ni kumaliza kuuchambua. Si kwamba sikuumia. Nimefundisha fizikia kwa miaka thelathini na nne, na mwili wangu umezoea kumaliza jaribio kwanza, kulia baadaye. Kesho yake Doto akaja kunichukua kwa gari lake hapa Shinyanga mjini twende msibani Tinde. Doto nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne. Siku hizi ni mhadhiri wa chuo kikuu, ana kitambi na miwani, lakini bado ananiambia "Shikamoo Mwalimu" kwa sauti ya mtu aliyechelewa mchakamchaka. Yeye na marehemu hawakujuana; Doto alikuja kwa ajili yangu tu. Alikuwa likizo kwa mama yake, akasikia nina msiba, akasema haiwezekani mimi nikabanane kwenye basi wakati yeye ana gari limelala uani. Mwanafunzi mtundu akikua vizuri humshinda mtulivu kwa fadhila, hilo nimelishuhudia mara nyingi.

Kwa kuwa hatukuwa na la kuzungumza kuhusu mtu asiyemjua, nilimuuliza kazi yake siku hizi ni ipi hasa, na hilo lilikuwa kosa, maana alizungumza mpaka tulipoanza kuona mabati ya Tinde. "Mwalimu, ulitufundisha kwamba sababu hutangulia na matokeo hufuata," akaanza. Nikamwambia ndiyo, na waliokosea niliwachapa. "Basi kwa vitu vidogo kabisa, kama chembe moja ya mwanga, si lazima iwe hivyo." Akanipa mfano wa mafundi wawili na kitambaa kimoja. Fundi wa kwanza anakunja, wa pili anapaka rangi. Ukianza kukunja ndipo upake, utapata nguo moja. Ukianza kupaka ndipo ukunje, utapata nyingine kabisa. Sasa hao watafiti, akasema, wameweza kuipitisha chembe moja kwa mafundi wote wawili katika hali ambayo mipangilio yote miwili imo kwa pamoja, wa huyu kwanza na wa yule kwanza. Nikamuuliza wanajuaje kwamba haikupita kwa mpangilio mmoja tu, wao wakashindwa kuuona. Akapiga usukani kwa furaha. "Hilo ndilo swali lenyewe, Mwalimu! Ingekuwa imepita kwa mpangilio mmoja tusioujua, vipimo vya mwishoni visingevuka kiwango fulani. Vinavuka. Si kwamba hatujui kipi kilitangulia. Hakuna kilichotangulia."

Nilitazama mashamba ya pamba kwa muda. Kisha nikamuuliza maswali mawili ambayo yeye alidhani ni ya kumpima. La kwanza: mtu akikaa pale katikati akaangalia, itakuwaje? Doto akasema mtu akiangalia, au hata ikibaki alama yoyote ya kuonyesha nani alipitiwa kwanza, mchezo umekwisha, mpangilio unakuwa mmoja kama huku kwetu. La pili: je, kwa hila hiyo unaweza kufanya kosa leo likaharibu jambo la jana? "Hapana, Mwalimu. Hata huko chini kabisa hakuna ruhusa hiyo." Nikasema basi, vizuri. Sikumwambia kwamba nilikuwa namuuliza habari za shimo la dhahabu, na za mwanamke tuliyekuwa tunakwenda kumzika.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ikinunuliwa kwa kujuana. Nilikuwa nimemaliza diploma ya ualimu, fizikia na hesabu, nikapangiwa shule ya sekondari upande wa Geita ambayo, nilipofika na sanduku langu, nikakuta ni rundo la matofali na kibao. Afisa elimu alinitazama kwa huruma akasema hawezi kunirudisha nyumbani kwa sababu jina langu lilikwishaingia kwenye orodha ya watumishi. Akanituma nikafundishe kisomo cha watu wazima kwenye kambi ya wachimbaji mpaka shule ipate paa. Kambi waliiita Kwa Mzungu, kwa sababu zamani za ukoloni mzungu fulani alichimba mtaro pale, akakata tamaa, akaondoka. Wenyeji walisema aliondoka kwa sababu hakuijua dhahabu tabia yake. Sikuuliza maana ya maneno hayo, nikidhani ni mzaha.

Walinipa chumba nyuma ya mgahawa wa Mama Kabula. Kilikuwa chumba cha udongo chenye dirisha la ukubwa wa daftari, na humo nililala pamoja na magunia ya unga wa muhogo, debe la dagaa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Hata leo nikipita sokoni nikasikia harufu ya michembe, naikumbuka mistari ya mwanga ambayo dirisha lile lilichora ukutani. Mama Kabula mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, mwepesi wa ulimi, mjane, aliyekuja kambini na sufuria tatu na binti mmoja wa miaka sita. Ugali wake ulikuwa mgumu kiasi cha kukata kwa kisu, na mboga ya nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, aliiunga kwa karanga mpaka wanaume wakanyamaza wakila. Alikataa katakata kuniita Minza, jina langu. "Wewe ni Mwalimu. Nikikuita Minza hawa watakuagiza maji," alisema. Kabula, yule binti, alilala nami kwenye mkeka nyakati za baridi na akaniuliza kila usiku kama mwezi una miguu, maana unatufuata.

Darasa langu lilikaa kwenye mabenchi ya mgahawa saa tisa alasiri, baada ya zamu ya kwanza kupanda juu. Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mzee Masanja, mwenye shimo kubwa kuliko yote pale kambini, mtu wa miaka sitini hivi, mpole, mwenye kofia ya pama ambayo aliivua kila nilipoingia. Alijifunza kuandika jina lake kwa wiki mbili, akaliandika kila mahali, hadi kwenye mpini wa moko, ile nyundo nzito ya kupasulia mwamba. Mwingine alikuwa Luhende, kijana mchimbaji wake, hodari wa kujibu hata kabla ya swali kuisha. Nilikaa pale nikiwasahihisha herufi na kuwasikiliza wakila, na mazungumzo yao yalikuwa haya kila siku: dhahabu inasikia, dhahabu haipendi kelele, dhahabu inahama. Walizungumza juu yake kama wafugaji wanavyozungumza juu ya ng'ombe mwenye wivu. Kuzunguka kila shimo walifunga kamba ya katani kwenye vigingi, na mwanamke hakuvuka kamba. Akivuka, dhahabu inakimbia. Mama Kabula alipeleka uji na maji hadi kwenye kamba, akaita, mwanamume mmoja akaja kupokea. Nilimuuliza kama anaamini. Akacheka. "Mimi naamini njaa yao, Mwalimu. Wakishiba kwa kuniweka nje ya kamba, nitakaa nje ya kamba."

Mimi sikuamini, na kwa umri ule kutokuamini kulinipa kiburi kidogo. Nilikuwa na saa ya mkono ya kutia ufunguo, yenye mshale wa sekunde, na nilikuwa na tabia ya kuandika kila kitu na wakati wake kwenye kurasa za nyuma za rejesta ya mahudhurio. Wachimbaji walisema shimo la Mzee Masanja lina futi mia kwenda chini. Kila mtu alisema futi mia, hakuna aliyepima. Nilijua namna ya kupima bila kamba wala futi: unaachia jiwe, unahesabu sekunde mpaka lisikike limetua, unapiga hesabu. Nilikuwa nimeifundisha kanuni hiyo ubaoni nikiwa chuoni kwenye mazoezi, lakini sikuwahi kuwa na shimo.

Asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nilikuwa nyuma ya mgahawa nikisuka nywele za Kabula. Wanaume wote saba wa Mzee Masanja walikuwa wamekuja kunywa uji kwa pamoja, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu usiku mvua ilikuwa imeloanisha kamba ya roda, gurudumu la kuvutia ndoo, na ilibidi ikauke kwanza. Niliwahesabu mara mbili, saba, hakuna mtu chini. Nikamwambia Kabula asubiri. Nikazunguka nyuma ya rundo la mawe, nikavuka kamba, nikasimama mdomoni mwa shimo, nikaachia jiwe la ukubwa wa yai. Sekunde mbili na nusu. Nikarudia, nikapata ileile. Ni kama mita thelathini, yaani futi mia kweli, na nakumbuka nilivyofurahi kwamba watu wasiojua kusoma walikuwa wamepatia. Ilikuwa saa mbili na robo. Nikavuka kamba kurudi, nikamalizia nywele za Kabula. Hakuna aliyeniona.

Wakashuka shimoni. Ndoo mbili za kwanza zilizopanda zilikuwa na mwamba mzuri, ule mweupe wenye kutu na vumbi linalong'aa, niliwasikia wakizishangilia. Kisha Luhende akaja mgahawani kuomba maji, uso umemshuka. "Imekata," akasema. "Mawe matupu. Mwamba umeisha kama umekatwa kwa panga." Nikatazama saa kwa mazoea tu, nikaandika: saa nne kasorobo. Mpaka saa sita walikuwa bado wanapandisha mawe matupu na hakuna aliyekuwa akiimba. Mama Kabula alikuwa amebeba sufuria ya maharage kuelekea kwenye kamba, Kabula akiwa mbele yake. Kuku wetu mwekundu akakurupuka kutoka kichakani, akapita chini ya kamba, na Kabula akamfuata mbio, kicheko juu, akielekea moja kwa moja kwenye mdomo wa shimo. Mama yake aliitupa sufuria. Alivuka kamba kwa hatua mbili, akamdaka mtoto kwa mkono akiwa amebakiza kama urefu wa kitanda kufika ukingoni. Akasimama hapo amemkumbatia, maharage yamemwagika, wanaume wote wamemkodolea macho yeye, si mtoto. Nikatazama saa. Saa sita na dakika tano.

Kesi ilisikilizwa alasiri ileile, kwenye mabenchi ya darasa langu. Hakuna aliyefoka. Mzee Masanja alivua kofia, akamwamkua Mama Kabula kwa heshima, "Mwadila, mayu," salamu ya Kisukuma ya kumwamkia mama, na yeye akaitikia akiwa amesimama karibu na jiko, mikono kifuani. "Nilimfuata mtoto," akasema. "Angetumbukia mngesema nini?"

"Tungelia pamoja nawe, mayu," akasema Mzee Masanja. "Mtoto hana kosa, ni mdogo. Wewe pia hukukusudia. Lakini mwiko hauulizi kusudi."

Hapo nikanyoosha mkono, mimi mwalimu, kwenye darasa langu mwenyewe. Akaniruhusu. Nilisimama na rejesta yangu, nikaeleza kwa sauti ya chuoni. Nikasema mawe matupu yalianza saa nne kasorobo, Luhende ni shahidi. Nikasema Mama Kabula amevuka kamba saa sita na dakika tano, sote ni mashahidi. Nikasema jambo la saa sita haliwezi kuwa sababu ya jambo la saa nne, kwa sababu sababu lazima itangulie. Nilichora hata mstari ardhini kwa kijiti, saa nne hapa, saa sita pale. Nilikuwa na hakika kabisa. Niliwatazama nikisubiri waone aibu.

Mzee Masanja aliutazama mstari ule kwa makini, kwa sababu alipenda kujifunza. "Mwalimu," akasema, "wewe si ni binti wa wafugaji?" Nikasema ndiyo. "Ng'ombe wako zizini. Fisi bado yuko mbali, hajafika. Ng'ombe wanafanyaje?"

"Wanahangaika," nikasema.

"Kabla fisi hajafika, au akishafika?"

"Kabla!" akajibu Luhende, maskini, kama mwanafunzi mwema.

"Kabla," akasema Mzee Masanja. "Ng'ombe tu anajua. Itakuwa dhahabu, mali aliyoificha Mungu mwenyewe? Ilimsikia anakuja, ikaondoka mapema. Saa yako imesema kweli, Mwalimu. Imetuonyesha kwamba dhahabu ina akili kuliko tulivyodhani."

Wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wengine wakanitazama kwa shukrani. Jibu la hoja yake lilinijia siku tatu baadaye nikiosha vyombo: ng'ombe anahangaika kwa sababu harufu ya fisi imemfikia, na harufu imetangulia, kwa hiyo hata pale sababu iko mbele ya matokeo. Jibu zuri, halikumsaidia mtu. Lakini nisijifiche nyuma ya uzito wa akili yangu, kwa sababu pale pale, nikiwa nimesimama na kijiti mkononi, nilikuwa na jibu lingine. Niliuona mstari niliouchora. Kwa hesabu yangu mwenyewe, mwenye hatia ni yule aliyevuka kabla ya saa nne kasorobo, na kwenye kipande kile cha mstari alikuwepo mwanamke mmoja tu, mimi. Ningeweza kusema: nilivuka saa mbili na robo, na baada yangu zikapanda ndoo mbili nzuri, kwa hiyo mwanamke akivuka dhahabu haikimbii. Ingekuwa hoja kweli. Au wangenipakia mimi kwenye lori na barua ya kwenda kwa afisa elimu, na Mama Kabula angebaki na sufuria zake. Yote mawili yalinipitia kichwani kwa muda mfupi kuliko jiwe linavyotua. Nikakaa. Niliogopa, basi. Nimewahi kujiambia kwamba nilinyamaza kwa kuwa sikutaka kuupa mwiko ule nguvu, lakini huo ni uongo wa baadaye, uliotungwa na mtu aliyekwishapata cheo.

Wakampa siku mbili awe ameondoka. Hawakumgusa, hawakumvunjia kitu, walimsaidia hata kufunga mizigo. Luhende ndiye aliyebeba jiko. Lori lililoleta unga lilikuwa linarudi Kahama, na kutoka huko angepata lingine la Tinde, kwao. Aliniachia mabenchi. "Wafundishe wasome, Mwalimu," alisema huku akijifunga kanga upya. "Wakisoma sana watakuja kuniomba radhi, nami nitawauzia chakula kwa bei ya juu." Tulicheka wote wawili, mimi kwa shida. Wakati anapandisha sufuria, mwanamke aliyekuwa akiuza tumbaku jirani yetu akasema, bila hata kupunguza sauti, "Mgahawa wote umekwenda kwa sababu ya haka katoto na kuku." Kabula alikuwa juu ya magunia tayari, nywele nilizomsuka bado nadhifu. Nilimwona akimtazama yule mwanamke, kisha akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anabishana na dereva na hakusikia.

Kesho yake saa tisa Mzee Masanja alikuwa wa kwanza darasani, kofia mkononi, na nikamfundisha. Alikuwa na shida na herufi zinazofuatana, nga na ng'a. Nilijitahidi kumchukia nikashindwa. Alikuwa mtu mwema aliyeamini alichoamini, na mimi ndiye niliyekuwa na habari ambayo yeye hakuwa nayo. Wiki tatu baadaye Luhende, akipiga tindo upande wa kushoto ambao kila mtu alisema hauna kitu, akaupata mwamba tena, hatua mbili tu kutoka pale ulipokatika. Zamani sana ardhi ilikuwa imeteleza na kuuhamisha. Jambo la kawaida, liko kwenye kila kitabu cha miamba. Kambi ilipiga vigelegele. "Mnaona?" walisema. "Ameondoka, imerudi." Safari hii kilichotangulia kilitangulia kweli, na hakuna aliyeulizia saa yangu. Mwezi wa kumi na mbili shule ilipata paa, nami nikaondoka Kwa Mzungu nikaenda kuwa mwalimu wa fizikia. Siku hizi, nimeambiwa, kuna wanawake wanaomiliki mashimo huko Geita, na dhahabu haijakimbia popote.

Mama Kabula nilimtembelea Tinde mara tatu katika miaka yote hii. Alikuwa akiuza maandazi na chai kando ya barabara, akamsomesha Kabula, akajenga vyumba viwili vya bati. Kila mara nilikwenda na sukari na nia ya kumwambia. Kila mara alianza yeye kuniuliza habari za kazi, akanisifia kwa wateja, "Huyu ndiye aliyesimama mbele ya wanaume saba akanitetea kwa saa," nami nikanywa chai nikaondoka. Sijui kama mtu anaweza kuzoea sifa isiyo yake. Mimi sikuizoea, lakini sikuikataa.

Kwa hiyo Doto aliponieleza habari za chembe zake, kwa dakika chache nilishawishika. Ingekuwa raha iliyoje, baada ya miaka yote ile, kuambiwa na fizikia yenyewe kwamba kuna mahali ambapo swali la kipi kilitangulia halina jibu. Ningekaa mahali hapo kwa starehe. Lakini alikwishanijibu mwenyewe: hali hiyo inadumu tu pale ambapo hakuna aliyeangalia na hakuna alama iliyobaki. Pale Kwa Mzungu kuna mtu aliyeangalia, tena mwenye saa. Kulikuwa na mpangilio mmoja tu, saa mbili na robo, saa nne kasorobo, saa sita na dakika tano, na katika kambi nzima niliujua mimi peke yangu.

Tulizika saa nane. Baada ya chakula wanaume walibaki kwenye viti chini ya turubai, Doto kati yao akieleza jambo kwa mikono, na wanawake tukakaa kwenye majamvi ndani. Kabula alikuja kuketi karibu nami. Sasa ni mama mtu mzima, nesi wa hospitali, mwenye sauti ya chini ya watu waliozoea wodi. Alinishika mkono akanishukuru kwa kuja. Halafu, akiangalia mlango, akasema, "Mwalimu, wewe ulikuwepo kule. Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Mama alikuwa na mgahawa wake, watu wanamheshimu. Mimi nikakimbiza kuku. Miaka yote aliyokuwa anaamka alfajiri kukanda unga, nilikuwa namsikia nikiwa kitandani, najua ni mimi. Sikuwahi kumuuliza. Niliogopa asije akasema ndiyo."

Nilianza kumfundisha. Nilimwambia ardhi huteleza, mwamba hukatika, ule ulikatika kabla ya babu zetu kuzaliwa, tena tuliupata hatua mbili kushoto. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. "Hayo nayajua, Mwalimu. Nimesoma. Nayajua kwa kichwa." Akapiga kifua kwa vidole viwili. "Hapa hayashuki."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kawaida, bila rejesta, kwamba asubuhi ile nikiwa namsuka nilimwacha akisubiri, nikavuka kamba, nikaachia mawe mawili shimoni, nikarudi. Kwamba alasiri nilisimama kumtetea mama yake na nikalificha hilo. Kwamba nimelificha mpaka leo, na mama yake ameingia kaburini akinisifia. Hakuuondoa mkono wake mkononi mwangu. Kisha akaniuliza, taratibu, kama nesi anayeuliza homa ilianza lini, "Ulipovuka wewe, dhahabu ilikuwa bado inatoka?"

"Ilikuwa inatoka," nikasema. "Zilipanda ndoo mbili baada yangu. Ndipo ikakata."

"Na mimi nilipokimbia?"

"Ilikuwa imekwishakata. Muda wa saa mbili na zaidi ulikuwa umepita."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea, na uso wake ukawa kama ninavyoukumbuka kwenye mkeka. "Basi ni wewe," akasema.

Miaka thelathini na nne nimezisahihisha sentensi za namna hiyo, zinazofanya kila kilichotangulia kuwa sababu, kwa wino mwekundu.

"Ndiyo, Kabula," nikasema. "Ni mimi."